Nilianika Huku Mlima Umefunikwa

Kwenye ufuo wetu, kusini ya mji wa Uvira, njia ya kwenda Makobola, hakuna mwanamke aliyeanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, kabla yangu. Haikuwa sheria. Mitumbwi ilirudi asubuhi, tukachukua mabeseni yetu, tukaosha samaki, kisha kila mmoja akajitafutia kazi ndogo ya kufanya. Huyu anafunga kitenge upya, yule anatafuta kandambili ambazo amezivaa. Walikuwa wanangoja. Nikitandaza wavu wangu na kumwaga ndagala juu yake, na wao wanatandaza. Nikikunja, wanakunja. Nilikuwa mkubwa wao kwa miaka, na prezida wa kikundi chetu tangu kilipoanza, na mvua naifahamu kuliko redio. Niliona ni adabu. Sikufikiri kwamba ni kitu ambacho mtu anaweza kusafiri mbali kuja kukisomea.

Yule aliyekuja kukisomea ni mtoto wa Luvungi. Alitoka huko mdogo, akasoma mpaka akafika Ulaya, na sasa alikuwa anamalizia masomo yake makubwa. Alituambia yeye ni mtu wa uchumi.

Mmoja wetu, mwenye mdomo kuliko wote, akamwuliza, "Basi umeleta mikopo?"

"Hapana, mama. Nimeleta maswali."

"Maswali tuko nayo. Rudi na mikopo."

Alicheka pamoja nasi, jambo ambalo nililipenda. Halafu akaeleza. Alitaka kujua kwa nini kundi la watu linamfuata mtu mmoja, na kundi hilo linapata nini, au linapoteza nini, kwa kumfuata. Alikuwa amekwenda kwa wakulima wa bonde la Ruzizi na kwa vijana wa pikipiki, sasa zamu yetu.

"Na wanakulipa kwa kuuliza hivyo?"

"Chuo kikuu kinanilipa."

"Na mume wako anasema nini?"

"Sina mume, mama."

"Basi anza kuulizia hilo."

Ndivyo tulivyompokea.

Mchezo wake wa kwanza ulikuwa wa chumvi. Kila mwanamke alipewa kikombe kilichojaa. Unaweza kuiweka yote kwako, au kumimina kiasi unachotaka ndani ya beseni la wote. Iliyoingia beseni, yeye anaiongeza mara mbili, kisha inagawanywa sawa kwa kila mtu, hata kwa aliyeficha yake. Siku ya kwanza tulimimina nyuma ya pazia, mmoja mmoja. Beseni lilitia aibu. Chumvi ilifunika chini tu, kama umande. Tulitazamana, na kila mtu alikuwa mtakatifu.

Siku ya pili aliondoa pazia na kuniambia nianze mbele ya wote. Nikageuza kikombe changu juu chini na kukipiga makalio. Wote wakageuza. Yule mwenye mdomo akakwangua kikombe kwa kidole ili nione. Siku nyingine nilikuwa nimekasirika kwa jambo la nyumbani, nikamimina nusu. Wote wakamimina nusu. Kuna aliyeinamisha kikombe chake karibu na changu, akapima kwa jicho, akarudisha kidogo.

Binti wa uchumi aliandika kwenye mashine yake huku ananitazama. Niliona raha. Lazima niiseme hiyo raha, kwa sababu mengine yote yalitoka pale. Minye niliyeishia mwaka wa nne wa shule ya msingi, nimekuwa kitu cha kuandikwa.

Katika kikundi kulikuwa na mjane mmoja, mdogo kuliko sisi wote. Mume wake alikuwa mtu wa Runingu, akafa kwa homa, akamwachia watoto watatu. Mkubwa ni msichana, wa umri ule ambao tayari anajua kubeba maji bila kuyamwaga. Kwa kuwa aliingia kikundi mwisho, mjane huyu alipewa sehemu ya mwisho ya kuanikia, kule chini karibu na mdomo wa mto, mbali na kibanda chetu.

Wakwe zake walikuwa wametuma habari. Jumapili wangekuja kuondoa matanga. Watakula, watasali, halafu watazungumza juu ya watoto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Familia ya mume inakuja kutazama kama nyumba inasimama. Ikiwa mama anawakaribisha vizuri, chungu kimejaa na wageni wanashiba, wanasema watoto wako mahali pao. Ikiwa sivyo, watoto wanabebwa kwenda kwa baba yao mkubwa, na mama anabaki kusema asante.

Kwa hiyo wiki ile mjane alichukua ndagala wengi kuliko kawaida yake. Sehemu apike mwenyewe, sehemu abadilishane na unga na mchele. Wote tulijua. Minye nilijua zaidi, maana alikuja kuniuliza kama nadhani watatosha. Nilimjibu, "Watatosha. Uache kutetemeka, wageni wanaogopa mwanamke anayetetemeka."

Jioni hiyohiyo binti wa uchumi alikaa nami mbele ya mlango. Alikuwa amechoka na mashine yake imezimika. Akaniambia, "Mama, kuna kitu kimoja sitakijua hata nikae hapa mwaka mzima. Sijui kama wanakufuata kwa sababu unajua mvua, au wanakufuata kwa sababu ni weye tu."

"Tofauti iko wapi?"

"Iko kubwa. Lakini haukosei. Kila ukianika, jua linatoka. Kwa hiyo siwezi kutenganisha."

Hakuniomba kitu. Nataka hilo lieleweke. Aliongea kama mtu anayelalamikia kazi yake. Minye ndiye niliyekwenda kulala na lile neno, haukosei, nimelikumbatia kama mtoto.

Asubuhi ya kesho yake mlima ulikuwa umefunikwa. Sisi wa Uvira tuko katikati ya ziwa na mlima, na katika majira yale, wingu likikaa mabegani mwa mlima wakati jua linatoka upande wa ziwa, saa sita haifiki kabla mvua haijanyesha. Mtoto anajua. Siku kama hiyo tunaosha ndagala, tunawatia chumvi, tunawaacha kibandani chini ya shitingi, lile turubai la plastiki, tunangoja.

Nikachukua wavu wangu, nikautandaza.

Mpango wangu ulikuwa huu. Wataanika wote. Binti wa uchumi atafika, ataona kwa macho yake kwamba wameanika chini ya wingu kwa sababu yangu tu, atapata jibu lake. Halafu nitacheka, nitawaambia, wajinga nyie, hamuoni mlima? Tutakusanya haraka, na kila mtu atakuwa na hadithi ya kusimulia. Ndagala hawaharibiki kwa kulala wavuni muda mfupi. Ulikuwa ni mchezo kama ule wa chumvi.

Walinitazama. Hilo nililiona. Mwenye mdomo alitazama mlima, akanitazama minye, akatazama mlima tena. Kisha akatandaza, na wengine wakafuata.

Mjane peke yake alipanda kutoka kule chini mpaka niliposimama. Beseni lake lilikuwa bado kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mlima umefunikwa."

"Nimeuona."

"Tuanike tu?"

Hapo palikuwa mlango wangu wa kutokea. Ningeweza kumwambia kwa sauti ndogo, weye ngoja, usianike. Lakini mchezo ungeharibika, na wengine walikuwa wanasikiliza. Nikasema kwa sauti ya wote, "Weye umekuja kunifundisha jua?"

Wakaangua kicheko. Mwenye mdomo akaongeza, "Jana ameosha ndagala wa kwanza, leo ni meteo ya redio!" Mjane akacheka pia, kicheko kile cha mtu anayelipa. Akashuka mpaka mwisho wa ufuo, akatandaza, akamwaga beseni lote.

Nikangoja binti wa uchumi. Alikuwa analala kwa ndugu zake upande wa pili wa mji na kila siku alifika mapema kwa pikipiki. Siku ile hakufika. Baadaye nilisikia kwamba lori lilikwama darajani na njia ikafungwa. Lakini wakati ule sikujua, nikasema moyoni, bado kidogo. Wingu lilishuka mpaka kwenye mabati ya nyumba za juu. Nikasema bado kidogo. Upepo ukageuka, ukaanza kunuka udongo. Nilikuwa na macho njiani, sio mlimani. Nilimngoja mtu wa kuniona.

Mvua ilipopiga, nilipiga kelele, "Kusanyeni!"

Sasa sikilizeni jambo ambalo silisahau hata leo. Kwetu mvua ikija ghafla, wenye nguvu wanakimbilia kwanza wavu wa mkubwa, maana magoti yake hayana mbio. Ni desturi nzuri. Wamenifanyia hivyo miaka yote. Siku ile wote walinikimbilia. Watu wengi juu ya wavu mmoja, mikono kila mahali, wakaukunja na ndagala ndani yake, wakauingiza kibandani.

"Acheni wangu! Nendeni kwa wenu!"

"Tulia, mama, tunamaliza!"

"Nasema acheni!"

Walidhani ni ustaarabu wangu. Hata mjane alikuwemo. Aliacha wavu wake kule mwisho, akapanda mbio na mvua usoni, kuokoa wa kwangu. Niliona mkono wake umeshika pembe ya wavu. Aliporudi chini, mto ulikuwa umeshapanda juu ya mchanga.

Ndagala wangu hawakushika hata tone. Wa wengine walilowa, wakageuka wekundu, wakanuka kesho yake, wakauzwa kwa wafuga bata. Wa mjane hawakuwa wa bata wala wa mtu. Ziwa liliwarudisha walikotoka.

Binti wa uchumi alifika mvua imekatika, amelowa mpaka kwenye soksi. Alituona tumesimama. Nikamwambia mbele ya wote, bila kuzunguka, "Nilijua itanyesha. Nilianika ili uone kama watanifuata. Wamenifuata."

Akafunika mdomo. "Mama. Sikukuomba."

"Najua hukuniomba."

"Siwezi kuiandika hii. Hairuhusiwi. Watu wameumia, mama."

"Lakini ndilo jibu ulilokuwa unatafuta."

Alikaa juu ya jiwe na kuanza kulia. Nilimwona mtoto kabisa, na nilijiona mzee mpumbavu.

Nilingoja wanawake wanitukane. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimesimama vizuri ili wanitukane. Mwenye mdomo, ambaye hajawahi kunyamaza hata kanisani, alisema, "Mama, mvua ni ya Mungu."

"Mvua ya Mungu, wavu wangu. Hamkusikia nilichosema?"

"Tumesikia, mama. Usijitese."

"Mwaka jana wewe ulimtukana mumeo siku nzima kwa sababu ya kuku mmoja!"

"Yule ni mume."

Wakacheka kidogo, wakaanza kuokota. Walinisamehe wote kwa pamoja, kama walivyoanika wote kwa pamoja. Mjane alikuwa anakamua kitenge chake, na hakuinua kichwa.

Nilimpa ndagala wangu wote kwa ajili ya Jumapili. Alipokea kwa mikono miwili, maana alikuwa na watoto wa kulinda, si heshima yake. Wanawake waliponiona, na wao wakaleta. Unga, mchele, mafuta ya mawese, mkaa, mmoja akaleta jogoo. Nyumba ilijaa. Nikajidanganya kwamba nimeyarudisha mambo mahali pake.

Wakwe walikuja kutoka Runingu, wazee wa shamba, wenye adabu. Walikula vizuri. Walisali. Kisha kaka wa marehemu akafuta mikono yake taratibu na kusema, "Tunashukuru kwa chakula. Lakini tumeambiwa habari za mvua. Chakula hiki ni cha kikundi. Mke wa ndugu yetu naye amelishwa, kama sisi tulivyolishwa."

Nikasimama. Wanawake hawasimami hapo bila kuitwa, lakini nilisimama. "Kosa ni langu, mzee. Aliniambia mlima umefunikwa. Minye nilimnyamazisha. Angeachwa afanye kwa akili yake, mngekula samaki wake leo."

Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunidharau, na ingekuwa afadhali angenidharau. Akasema, "Asante, mama, kwa kusema kweli. Basi aliona wingu kwa macho yake, akaanika. Mama wa watoto watatu. Kesho ukifa weye, atamfuata nani?"

Nilikuwa nimekwenda kumtetea, nikawapa kisu.

Walichukua msichana mkubwa. Wadogo walibaki, kwa kuwa mdogo kabisa bado alikuwa ananyonya na wa katikati alikuwa anakohoa. Msichana alipakiwa na nguo zake ndani ya mfuko wa shule, akapanda pikipiki mbele ya baba yake mkubwa. Alipeana mikono na kila mtu, hata minye. Alinipa mkono na kupiga goti kidogo, kama anavyofundishwa. Mama yake alisimama mlangoni mpaka vumbi lilipokwisha, kisha akaingia kuosha vyombo vya wageni.

Wiki iliyofuata niliita kikundi. Nikawaambia, "Kuanzia leo hakuna kunifuata. Kila mtu aangalie mlima mwenyewe, aanike anapotaka, akunje anapotaka. Mnasikia?"

Wakajibu pamoja, "Ndiyo, mama."

Nilitamani kuwapiga.

Nikasema tena, "Na minye naacha kazi ya prezida. Semeni mnamtaka nani." Wote walikuwa wananisoma uso, wapate kujua ninamtaka nani ili wamtake. Nikamtaja mjane. Mikono ilipanda yote mara moja, hata kabla sijamaliza jina la ukoo wake.

Mjane akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea mbele ya kikundi tangu ile siku ya mvua. "Hawa hawakunichagua minye," akasema. "Wamekuchagua weye, mama, kwa kutumia mkono wangu. Mutafute mwingine." Akakaa. Hatukumpata mwingine.

Binti wa uchumi alirudi Ulaya kwa masomo. Alinipigia simu mara moja, na sauti ilikuwa inakatika. Aliniambia amemaliza kitabu chake, na kwamba siku ile ameiondoa, haimo. Ameandika chumvi. Ameandika kwamba mtu akianza kutoa mbele ya wengine, wengine wanatoa zaidi, na kundi linapata faida. Nikamwuliza, "Na msichana, umemweka wapi?" Akasema, "Hakuna sehemu ya kumweka, mama. Nimejaribu." Niliamini kwamba alijaribu. Hata minye sijui ningemweka sehemu gani.

Ningekuwa na akili, ningekaa. Lakini miezi ilipita, na kila nilipomwona mjane anabeba maji mwenyewe na mtoto mgongoni, nilimkumbuka msichana. Siku moja nikavaa kitenge cha kanisani, nikapanda pikipiki mpaka Runingu, sikumwambia mtu. Nilikwenda kwa yule mzee. Nilipiga magoti, minye, na magoti yangu haya. Nilimwomba msichana. Nilimwambia nitasaidia kumlea, nitasimamia, kikundi kizima kitasimamia.

Akanisaidia kuinuka. "Mama, tumekusikia. Lakini jambo hili si la prezida."

Niliporudi, nilikwenda moja kwa moja kwa mjane kumweleza. Nilidhani atanishukuru hata kwa kujaribu. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Mkono wake ulisimama.

"Umekwenda Runingu?"

"Nimetoka huko sasa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nili..."

"Mama." Hakupaza sauti. "Kila mwezi nakwenda kwa mama mkwe. Kimya kimya. Nampelekea ndagala nilioanika mwenyewe, nalima naye mpaka jioni. Alikuwa ameanza kusema na wazee wa huko. Neno moja leo, neno moja kesho. Sasa watafikiri nimetuma kikundi kije kugombana nao."

Nikasema sikujua.

"Haukuuliza," akasema. "Weye hauulizi, mama. Unatandaza tu."

Nilikaa pale kwenye kizingiti. Nilitaka kusema nitarudi kwa mzee, nitamweleza, nitarekebisha. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalirudisha.

"Nifanye nini?" nikamwuliza. Ni swali ambalo sikumbuki kumwuliza mtu tangu nilipoolewa.

"Jumamosi nitakwenda mwenyewe. Weye ubakie."

Nikabakia. Jumamosi nzima nilikuwa ufuoni na mikono yangu haina kazi ingawa ilikuwa na kazi. Jioni alirudi kwa miguu kutoka njia kuu, peke yake. Wanawake walimzunguka. Hakuja nilipo, na sikumwita. Nilisikia kwa nyuma anavyowaeleza: wamekubali msichana arudi vakansi ya shule, yaani likizo, ikifika, kama hakuna atakayeingilia tena. Vakansi bado haijafika ninaposimulia haya. Sijui kama watashika neno lao, na kama hawatalishika najua kwa nini.

Wanawake waliposikia, hawakujua kama ni habari ya kupiga vigelegele au ya kusikitika. Nikahisi wanageuka, mmoja mmoja, kunitafuta uso. Nikainama juu ya ndagala wangu na kuendelea kuchambua, nikainama sana, ili wasione kitu chochote pale cha kufuata.